Uvira: Mbele ya kulipa gari ya Japani, tafuta historia yake

Huko Uvira, baba mmoja aliyekimbia vita ameuza ng'ombe wake wa mwisho. Ndugu zake wawili wameongeza mchango, ili anunue Toyota iliyotumika Japani aifanye taksi. Gari hiyo ikifa, jamaa tatu zitalala njaa. Ndiyo maana bibi yake amekataa pesa zitolewe mbele ya makaratasi kuonekana.

Mama huyo ana haki. Gari nyingi za namna hii hupitia bandari ya Dar es Salaam, na zikifika hapa zimekwisha kuoshwa, zinang'aa. Hesabu ya kilometa inaweza kurudishwa nyuma. Lakini gari iliyouzwa kwa mnada Japani huwa na karatasi ya ukaguzi: alama 4 ni nzuri, herufi R inaonyesha iligongwa ikatengenezwa. Cheti cha kuitoa Japani nacho huonyesha mwaka wa kuandikishwa, na mara nyingi kilometa. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Kijapani, Heisei 20 ni 2008.

Namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya karatasi, herufi kwa herufi. Kisha vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: matope yaliyokauka yanasema gari ililala majini.

Ndugu msikilizaji, uende na fundi unayemwamini. Muuzaji akimkataza kuangalia mota, ao akificha namba ya shasi, amekwisha kukujibu. Rudi nyumbani na pesa yako.