Upepo Ndani ya Breki

Kisiwani nilikolelewa, baiskeli yangu ilisimama kwa breki za fimbo, pengine kwa wayo tu. Nilipohamia Kondoa, mwanangu akawa akiteremka vilima vya Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nikamnunulia breki za diski za mafuta, nikazifunga mwenyewe.

Diski nikaikaza penye kitovu cha gurudumu, paipu nikaikata kwa kipimo, mafuta nikayajaza. Nilipoubana mkono wa breki, ulilegea kama embe bivu. Nikasema, yatosha.

Fundi jirani akaubana mara moja. "Mzee, imeingia upepo. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Mteremkoni itamwangusha kijana."

Tukatoa upepo upya, povu baada ya povu, hata mkono ukawa mgumu. Nami nikaona haya. Miaka mingi nimewakemea wanafunzi wangu wa ushairi kwa mizani moja iliyopungua, kosa lisilomuua mtu. Siku ile, kwa uchovu tu, nilikuwa tayari kumkabidhi mwanangu kwa povu moja la hewa.