Anayebaki Mlangoni

Mwalimu aandaapo ziara ya mafunzo, aghalabu huhesabu nauli, chakula na idadi ya wanafunzi. Ni nadra kuhesabu ngazi. Sisi, tunaotembelea kiti cha magurudumu tangu utotoni, tulilikumbuka jambo hilo tulipowapeleka wanachuo wetu Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Katika mji huo, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindu yamo jirani. Vichochoro ni vyembamba, na baraza za mawe mbele ya nyumba huvibana zaidi. Wanachuo walitusukuma hadi Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kianglikana. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi.

Karibu na kanisa kuna vyumba vya chini ya ardhi, ambamo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa. Huteremkwa kwa ngazi. Wanachuo wakataka kutubeba. Tukakataa, kwani mtu si gunia. Tukawaagiza, "Shukeni, kisha mje mtufundishe."

Wa kwanza kurudi alisema, "Mwalimu, kunasikitisha." Tukamuuliza: Dari iko juu kiasi gani? Mwanga waingilia wapi? Hakujua. Alikuwa ametazama, hakuona. Wakashuka tena, wakapima kwa shubiri na kwa hatua. Safari hii walitueleza jinsi dari ilivyowainamisha.

Somo lilifana, lakini tusijidanganye: kusimuliwa si kuingia. Tulipokuwa shule ya msingi, kila ziara sisi ndio tulioachwa chini ya mti kulinda mikoba, na hakuna mwalimu aliyerudi kutusimulia. Uchungu ule ulitujia tena pale mlangoni.

Nje upo ukumbusho wa watumwa uliochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Sanamu zimo shimoni, na kila mtu huzitazama kutoka ukingoni. Hapo tulikuwa sawa na wenzetu.

Ndugu mwanachuo, tangulia kufika mahali pa ziara kabla ya darasa lako. Hesabu ngazi, pima milango. Ikiwa yuko mtoto asiyeweza kuingia, kazi yake iwemo katika andalio la somo, isibuniwe mlangoni. Na mikoba ilindwe kwa zamu.