Tundu Nililokosea



Mimi ni fundi wa redio na umeme wa magari. Kibanda changu kiko Mikumi, wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Malori hupita hapa usiku na mchana. Leo nataka kukueleza kosa nililolifanya mwaka 2016, na jinsi nilivyolirekebisha.

Wakati huo kibanda changu kilikuwa na miezi miwili tu. Wateja walikuwa wachache. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja kutoka Kilosa na pikapu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nifungie spika mbili milangoni. Njia yangu ni ndefu. Nataka kusikia taarifa ya habari."

Tulipatana shilingi 20,000. Akaniachia ufunguo, akaenda sokoni. Alasiri alitakiwa kurudi Kilosa na mizigo ya watu.

Nilianza vizuri. Nilitoa waya wa betri. Nilifungua kava ya mlango. Nilipandisha kioo juu, ili keekee isikiguse. Mlango wa kwanza ulikwisha salama. Spika ilikaa, na skrubu nne zikakamata.

Kwenye mlango wa pili nilifanya haraka. Sikugonga alama kwa msumari mahali pa kutoboa. Bati lenye rangi huteleza. Keekee ikahama, ikatoboa mbali kidogo, kama nusu ya upana wa kidole. Matundu matatu yalikuwa sawa. La nne lilikosewa.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilijaribu kutoboa tena karibu na lile tundu. Keekee ikatelezea ndani ya tundu la zamani. Mwishowe nikapata tundu moja kubwa lenye umbo la namba 8. Skrubu ilizunguka tu, haikukamata.

Nilikaa chini. Wazo baya likanijia: "Funga skrubu tatu. Rudisha kava. Nani ataona?"

Lakini niliikumbuka njia ya mzee. Siku hizo barabara ya Mikumi hadi Kilosa ilikuwa ya vumbi na mashimo. Hupitia Ulaya. Ulaya hii ni kijiji chetu, si nchi za Wazungu. Spika ya skrubu tatu ingetikisika njia nzima. Ingeweza kulegea na kugonga kioo kikishushwa. Tena, bati lililotobolewa bila kupakwa rangi hushika kutu. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo. Hutokea chini, kwenye vitundu vidogo vilivyowekwa na watengenezaji wa gari. Vitundu hivyo usivizibe kamwe.

Nikamwendea jirani yangu, seremala. Nilimweleza yote. Hakunicheka. Alisema, "Bati likikataa, mbao itakubali. Tengeneza pete."

Tulifanya hivi:

1. Tulipima nafasi kati ya bati na kava. Ilikuwa milimita 15.
2. Tulikata pete ya plaiwudi yenye unene wa milimita 9. Tuliipaka rangi pande zote, ili isinywe maji.
3. Nililipiga tupa tundu bovu, nikaondoa makali. Nikalipaka rangi ya kuzuia kutu, nikaiacha ikauke.
4. Niligonga alama nne mpya kwa msumari, mbali na tundu bovu. Nikatoboa kwa keekee ndogo kwanza, kisha kubwa.
5. Nilifunga pete kwenye bati kwa skrubu nne. Nikaweka gundi ya mpira chini yake. Pete ikalifunika tundu bovu lote.
6. Nilifunga spika kwenye pete. Skrubu zikakamata mbao barabara.
7. Kabla ya kurudisha kava, nilishusha kioo polepole hadi mwisho. Hakikugusa spika.

Mzee alirudi, akakuta kazi haijaisha. Watu wa mizigo walikuwa wakimngoja. Moyo ulinidunda. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisamehe. Nimetoboa vibaya mlango wako." Nilimfungulia kava, nikamwonyesha pete na rangi.

Alinyamaza. Akaipiga pete kwa ngumi. Haikutikisika. Akauliza, "Na hii mbao ni shilingi ngapi?"

"Hulipi, mzee. Kosa ni langu."

Alilipa shilingi 20,000 tulizopatana, akaondoka. Nilifikiri sitamwona tena. Baada ya mwezi mmoja alirudi. Nikashtuka, nikadhani spika imeanguka. Kumbe alikuja na mwenzake mwenye basi dogo. Akamwambia, "Mpe kazi huyu. Akikosea, atakuambia."

Tangu siku ile msumari wa kugongea alama haukosi mfukoni mwangu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nilifanya haraka, nikajenga pete.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini keekee ilihama mahali pake?
2. Kwa nini vitundu vya chini ya mlango visizibwe?
3. Pete ilikuwa na unene wa milimita 9. Nafasi ilikuwa milimita 15. Zilibaki milimita ngapi?
4. Je, wewe umewahi kuharibu kitu cha mtu? Ulifanya nini?