Homa ya Doto mjini Cairo

Mwezi Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi isiyo na malaria. Juni iliyofuata, shule zilipofungwa, tuliingia Cairo tukitokea Mwanza: mume wangu, mimi na pacha wetu wa miaka mitano, Kulwa na Doto. Mmoja wao alikuwa na vimelea vya malaria mwilini. Uwanja wa ndege walikagua pasipoti, viza na mabegi, wakatugongea mihuri, tukapita. Doto alikuwa akirukaruka kama ndama.

Kanisani kwetu anayesimama kutoa ushuhuda hukimbilia mwisho. Nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nikapona, haleluya. Mimi nitakawia katikati, maana huko ndiko kulikokuwa na kazi.

Tulikuwa na sababu mbili za kwenda Misri. Mume wangu anafundisha historia sekondari, na tangu ujana wake alitamani kusimama chini ya piramidi la Khufu. Mimi nilitaka kufika Cairo ya Kale, katika kanisa la Abu Serga, ambako Wakristo wa Kikopti wanaamini kwamba Yusufu na Maria walipumzika na mtoto walipomkimbia Herode. Hao nao walivuka mpaka na mtoto mdogo, tena bila bima ya safari. Mama mkwe alitushauri tungoje watoto wakue, kwamba wa umri ule hawatakumbuka chochote. Tulimsikiliza kwa adabu, tukaendelea kudunduliza.

Wiki ya kuelekea safari tuliwapeleka watoto kwake Ukerewe wamuage bibi yao. Vyandarua vilikuwepo na walilala ndani yake. Lakini mbu wa kisiwani hangoji watu waingie kitandani, na malaria haina haraka ya kujitangaza: mtoto akiumwa na mbu leo, homa inaweza kuja baada ya siku saba, kumi, hata wiki mbili na zaidi. Muda huo unatosha kupanda meli kurudi Mwanza, kufunga mabegi, kwenda Dar es Salaam, na kutoka Dar kukaa angani zaidi ya saa tano hadi Cairo huku mtoto akicheka na kudai juisi nyingine.

Mtoto aliyezaliwa Mwanza si rahisi kushangazwa na mawe. Nyuma ya nyumba yetu Pasiansi yapo makubwa kuliko gari, yamepandana bila mkono wa mtu. Kwa hiyo pale Giza, mbele ya piramidi, baba yao alijieleza mwenyewe: mawe zaidi ya milioni mbili, urefu wa mita 146 enzi zile na sasa kama mita 138, miaka zaidi ya 4,500 juani. Kulwa aliuliza ngamia anakunywa maji mara ngapi kwa siku. Jua lilikuwa kali, watoto walianza kulegea, tukawaahidi kwamba kesho kila mmoja atapanda ngamia.

Jioni tulichukua feluka, mashua ya tanga, tukaelea Mto Nile. Baba Kulwa akawaambia watoto maji yale yametoka ziwani kwetu, yakapitia Jinja, yakateremka hadi pale. (Sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, lakini mwalimu akiwa likizo hasahihishwi.) Kulwa alichovya mkono. Doto hakutaka. Alilaza kichwa mapajani mwangu, nikahisi joto lake kupitia gauni.

Hotelini kipimajoto kilisoma 39.4. Usiku alitetemeka hadi meno yakagongana, halafu akatokwa na jasho lililolowesha shuka, halafu akatapika dawa ya kushusha homa niliyompa. Mama yeyote wa Kanda ya Ziwa akisoma mistari hii ameshajua. Mimi pia nilijua, na kilichoninyima usingizi hakikuwa homa yenyewe bali degedege. Niliwahi kumshika mtoto wa jirani likimtikisa mikononi mwangu, na tangu siku hiyo sijaweza kuitazama homa ya mtoto kwa utulivu.

Asubuhi tulikwenda kliniki ya binafsi tuliyoelekezwa na watu wa hoteli. Walitaka fedha kwanza, tukalipa. Daktari alikuwa kijana mpole, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Jana mlikuwa wapi? Giza. Mmekula nini? Koshari ya barabarani, juisi ya miwa. Akatikisa kichwa kwa huruma: jua na tumbo. Watalii wengi humjia hivyo, hasa wenye watoto.

Nikasema, “Daktari, naomba umpime malaria.”

“Misri hakuna malaria,” alijibu, na alilisema kwa fahari, nayo ilikuwa haki yake.

“Najua. Lakini sisi hatutoki Misri.”

Alieleza tena habari za jua. Kipimo hakuwa nacho. Aliandika paracetamol ya maji na pakiti za kurudisha maji mwilini, akatuambia turudi baada ya siku mbili kama hali haijabadilika.

Simchukii yule daktari. Daktari hutafuta ugonjwa kati ya magonjwa anayokutana nayo, na huyu hakuwahi kukutana na huo. Kwetu mambo huharibika kwa upande wa pili: kila joto la mtoto huitwa malaria, na nimonia hupita hapohapo bila kutambuliwa. Ila siku hiyo mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa wangu, na niliyeijua njia aliyopita hadi kufika pale ni mimi, si yeye.

Kazi iliyofuata ilikuwa mume wangu. Baba Kulwa anaheshimu waliosoma, na alikuwa ameona haya mbele ya daktari yule. “Mama Kulwa,” aliniambia barabarani, “mtaalamu ameshasema. Tumpe dawa siku ya leo tuone.” Nikamwambia malaria ya kwetu haimpi mtoto siku ya kuangaliwa, ndani ya saa 24 inaweza kugeuka kuwa malaria kali. Tulibishana kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, ili watoto wasielewe, huku magari ya Cairo yakipiga honi bila kukoma. Tuliingia duka la dawa kuulizia mseto wa malaria. Dawa ambayo Pasiansi naipata hatua chache kutoka mlangoni, mfamasia wa kwanza hakuwa amewahi kuiuza, na wa pili alisema haipatikani madukani. Doto akatapika tena, safari hii kwenye viatu vya baba yake. Mabishano yakaisha.

Aliyetuokoa alitokea mbali. Jirani yetu mwenye duka la rejareja ni mzee Mwislamu, na mpwa wake anasoma Al-Azhar, chuo kilichokua kutokana na msikiti ulioanza kujengwa mwaka 970. Mume wangu alimpigia mzee, mzee akampigia mpwa, na kabla ya adhuhuri kijana akawa mlangoni pa chumba chetu, mwembamba, mwenye kanzu na begi la vitabu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alimgusa Doto shingoni kwa nyuma ya kiganja, akaniuliza, “Mmetoka nyumbani lini?” Hilo ndilo swali. Alisema wanafunzi wa kutoka nchi zetu hulijua hili, maana wakirudi chuoni baada ya likizo yupo atakayeanguka, na wameshajua pa kwenda. Si kliniki ya watalii, bali hospitali ya serikali inayopokea wagonjwa wa homa za kuambukiza. Akasimamisha teksi, akapatana bei, akakaa mbele.

Pale mapokezi aliongea Kiarabu na mlinzi, na nesi, na karani, na nesi mwingine, na katika kila sentensi nilisikia malaria, Tanzania, malaria. Hakupandisha sauti hata mara moja. Sisi kwa pupa yetu tungegombana na mlinzi wa getini tukaishia hapo.

Walimtoboa Doto kidole, wakapaka damu kwenye vioo viwili. Fundi wa maabara alikuwa mtu mzima, mvi zimejaa. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akasimama, akaita wenzake. Wakaja wawili, halafu wengine, vijana wenye makoti meupe, wakapanga foleni kuchungulia kioo cha mwanangu. Wengine ndiyo kwanza walikuwa wakiviona vimelea vile nje ya kitabu. Nilikasirika na nikafurahi kwa wakati mmoja. Nilikasirika kwa sababu mtoto alikuwa analia nao wanashangaa. Nilifurahi kwa sababu sasa walikuwa wengi waliojua ninachokijua. Ilikuwa falciparum, aina ileile inayoua watoto kwetu.

Kwa kuwa hakuweza kushikilia kidonge tumboni, walianza na sindano ya artesunate kwenye mshipa: moja palepale, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Walimpima sukari, ilikuwa imeshuka, wakamwekea maji ya sukari. Mimi niliomba. Niliomba bila ufasaha wowote, maneno yaleyale, nikishika mguu wake kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mambo ya kitabibu.

Na Kulwa? Walimpima, hana. Wodini hawakumruhusu alale. Pacha hawa hawajawahi kulala nyumba tofauti, na kuwatenganisha kulikuwa na kelele ambazo sitazieleza. Baba yake alimbeba hadi hotelini. Alikataa chakula hadi nilipompigia kwa video akamwona Doto akinyonya kipande cha embe. Ili kumtuliza, kesho yake baba akampeleka Giza, akampandisha ngamia. Uamuzi ule tunaulipia hadi leo.

Walikuja pia maafisa wa afya wakiwa na daftari. Walitaka kujua kila mahali tulipolala tangu tuingie nchini, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, kwenye mashua tulikaa saa ngapi hadi saa ngapi. Mwanzoni niliona kama tunashitakiwa. Kijana wetu akatafsiri kwa utaratibu: mbu wanaoweza kueneza malaria bado wapo Misri, kilichoondolewa ni ugonjwa, mbu mmoja wa huku akimuuma Doto kabla hajapona anaweza kuupeleka kwa mwingine. Katika miaka ya 1940 mbu hatari aina ya gambiae aliingia kutoka Sudan na watu wengi wakafa Misri ya Juu. Mwaka 2014 tu ugonjwa ulizuka kidogo kule Aswan wakauzima. Basi nikajibu maswali yote, hadi rangi ya pazia. Nilitamani na kwetu mgonjwa mmoja wa malaria angekuwa habari ya kuletewa daftari.

Jambo jingine lazima nilitaje kwa shukrani: kipimo na dawa ya malaria hatukudaiwa hata paundi moja. Ndio utaratibu wao, kwa yeyote aliye ndani ya nchi, mgeni kwa mwenyeji.

Baada ya sindano ya tatu Doto aliomba wali. Tukahamia mseto, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu, pamoja na maziwa, kwa sababu dawa ile huingia vizuri mwilini ikikutana na mafuta. Kioo cha mwisho kilikuwa safi. Walituambia Kulwa naye akipata joto lolote katika wiki zinazofuata apimwe palepale, tusisubiri, na kwamba popote tutakapokuwa tuanze kwa kutaja tulikotoka.

Siku zilizobaki zilikuwa chache na fedha chache zaidi. Tulikwenda makumbusho ya Tahrir, ambako wakati huo barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun ilikuwa bado inaonyeshwa. Mume wangu, ambaye hawezi kukaa kimya mbele ya kioo cha makumbusho, aliwaambia watoto kwamba mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya kupima maiti ya mfalme huyo, wakakuta chembe za urithi za malaria, falciparum hiyohiyo. Alifariki akiwa kijana wa miaka kama 19. Doto alitazama uso ule wa dhahabu, akauliza, “Yeye hakupewa sindano?” Baba yake alisema hazikuwepo. Doto akasema, “Pole yake,” akaomba kwenda chooni.

Abu Serga nilifika peke yangu, muda mfupi, wengine wamelala. Ngazi zinashuka hadi kwenye chumba kidogo cha chini, na watu huinama kuchungulia. Nilitoa shukrani zangu pale, nikamtaja kijana wa Al-Azhar kwa jina, nikijua Mungu hatauliza alisoma wapi.

Tumerudi Mwanza salama. Kulwa hakuugua. Bima wanaendelea kudai risiti ya kliniki iliyotuambia ni jua, iliyoandikwa kwa Kiarabu na sasa inahitaji mkalimani mwenye muhuri. Na Doto, ambaye bibi yake alisema hatakumbuka chochote, hutukumbusha karibu kila Jumamosi kwamba tuliahidi ngamia wawili, ngamia mmoja tu ndiye aliyepandwa, na aliyepanda si yeye. Baba Kulwa amejaribu kumshawishi kwa punda wa jirani. Amekataa.