Sadaka ya Yatima Haina Haja ya Picha

Ndugu zetu, sisi walimu wa madrasa hapa Rakai, Uganda, si mbali na Kasensero ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana mwaka 1982, tuna mfuko mdogo wa mayatima wa vijiji vyetu. Kila Ijumaa tunachanga, na muhula ukianza tunanunua madaftari, sabuni na sare.

Mwaka mmoja tuliwapanga watoto uani mwa msikiti, kila mmoja na kilo yake ya sukari, tuwapige picha za kuwaonesha wafadhili. Binti mmoja wa miaka kumi akajificha nyuma ya birika la udhu. Tulipomwita alisema: "Ustadh, sukari mrudishieni mwenyewe. Kesho wenzangu watanicheka."

Wallahi tuliona haya. Kila siku tunasomesha kuwa Mtume (S.A.W.) naye alikuwa yatima, na kwamba masimbulizi hubatilisha sadaka (Al-Baqara, aya 264). Kumbe tulisomesha kwa midomo tu.

Tangu hapo vitu tunawapelekea walezi majumbani baada ya Isha, bila kamera. Michango imepungua, hatufichi. Basi ndugu, ukitoa, usidai picha. Anayestahiki kukuona amekwisha kukuona.

Wabillahi tawfiq.