Sufuria za Coalbrookdale

Treni ya kutoka Birmingham iliniteremsha Telford, mji wa kisasa wa barabara pana na maduka makubwa. Basi lilipouacha mji likashika mteremko mkali, miti imebana pande zote mbili, mpaka chini kabisa ukajitokeza mto Severn na juu yake daraja la chuma. Habari za daraja hili nilizisoma tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, lakini ni siku hiyo tu nilipoliona kwa macho, na moyo ulinienda mbio.

Nilishuka kwenye njia ya kando ya mto nikalitazama kwa chini. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa rasmi siku ya Mwaka Mpya wa 1781. Lina takriban tani 378 za chuma cha kusubu, na linavuka mto kwa mruko mmoja wa mita 30 hivi. Kabla yake hapakuwa na daraja kubwa la chuma popote duniani, kwa hiyo mafundi hawakuwa na mfano wa kuiga. Wakakimbilia kwa seremala. Ukitazama maungio utaona ulimi wa chuma umepenyezwa kwenye tundu, kisha ukakazwa kwa kabari, kama inavyoungwa miguu ya kitanda. Kwenye nyumba ya mtoza ushuru bado limo bango la viwango vya malipo, nalo linatangaza kwamba daraja ni mali ya watu binafsi, hivyo kila askari atalipa, awe kazini asiwe kazini, na familia ya kifalme nayo italipa.

Hata hivyo safari yangu haikuwa ya daraja. Nilitaka kufika Coalbrookdale penyewe, kwenye tanuri, nami nikapanda bonde kwa miguu huku mvua nyepesi ikininyeshea.

Tanuri lenyewe limefunikwa kwa paa la vioo lenye umbo la pembetatu, jirani na nguzo za daraja la reli. Ni gofu la matofali na mawe meusi, na juu ya mdomo wake zimelala boriti za chuma, moja ikiwa na jina la Abraham Darby na mwaka 1777. Huyo ni Darby wa tatu, aliyejenga daraja. Aliyeanzisha yote ni babu yake, aliyezaliwa mwaka 1678, Mkristo wa madhehebu ya Quaker. Ujanani alijifunza kazi Birmingham kwa fundi wa vinu vya kusagia kimea, na wakaushaji wa kimea walikuwa tayari wanatumia koku, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili moshi na salfa vitoke. Baadaye akaingia katika biashara ya shaba nyeupe mjini Bristol, na mwaka 1707 akapata hataza ya kusubu sufuria za chuma kwa kalibu za mchanga. Mwaka uliofuata akalikodi tanuri hili, lililokuwa limeharibika, akalikarabati. Mwaka 1709 akayeyusha chuma kwa koku badala ya mkaa wa miti.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba siku ya pili yake Uingereza nzima ilimfuata. Haikuwa hivyo. Kwa miaka karibu hamsini wenye matanuri wengine waliendelea na mkaa wao, na walikuwa na sababu. Chuma cha koku kilikuwa na silikoni nyingi, kikawa kigumu na ghali kukisafisha kiwe chuma cha kufulia misumari na majembe. Lakini silikoni hiyohiyo ndiyo inayofanya chuma kilichoyeyuka kiwe chepesi kutiririka, kiingie kila pembe ya kalibu kabla ya kuganda. Kwa fundi wa misumari ni balaa. Kwa msubu wa sufuria nyembamba ni neema. Ndiyo maana nasema bila kusita: sufuria ndiyo iliyoibeba koku mpaka ikakomaa. Kama Darby angekuwa mtu wa misumari, nadhani tanuri lingezimwa mapema.

Katika jumba la makumbusho, ndani ya ghala la mwaka 1838 lenye mnara wa saa wa chuma, nilisimama muda mrefu mbele ya sufuria moja ya miguu mitatu. Ukingo wake ni mwembamba, tumbo limetuna, masikio mawili yametokeza ubavuni. Sufuria ya namna hiyo ilinunulika na watu wa kawaida, wasiomudu vyombo vya shaba. Mzee wa kujitolea aliyekuwa zamu alinieleza jinsi mchanga unavyoshindiliwa, ndani na nje, ili ibaki nafasi finyu tu ya chuma kupita. Mikono yake ilikuwa ikishindilia hewa alipokuwa akisema.

Waliojua kusubu ubavu mwembamba wa sufuria walijua pia kusubu silinda. Baada ya 1720 kampuni ya Coalbrookdale ilianza kutengeneza silinda za chuma kwa injini za mvuke za Newcomen, zilizosukuma maji kutoka migodini, kwa bei ya chini kuliko zile za shaba. Mwaka 1767 ikasubu reli za chuma. Mwaka 1802 Richard Trevithick alikuwa hapa akijaribu injini yake ya mvuke wa shinikizo kubwa. Karne ya 19 ikaleta mapambo: mageti ya Maonyesho Makuu ya 1851, ambayo sasa yako Kensington Gardens, London, na meza inayobebwa na mbwa wanne wa chuma, ambayo kwangu ni ustadi mwingi kwa faida ndogo.

Jirani na makumbusho kuna majengo ya kiwanda kilichoendelea kusubu hadi karne hii. Kazi yake ya mwisho ilikuwa vipande vya majiko ya Aga. Kilifungwa Novemba 2017. Nilimuuliza yule mzee kama kuna vijana wanaofundishwa kazi ile bondeni sasa. Alitikisa kichwa, akarudi kunionyesha namna ya kushika kishindilio.