Makaburi ya Ufukweni Key West

Key West ni mji mdogo kisiwani, kusini mwa Florida, Marekani. Zamani wenyeji walitajirika kwa kuokoa mizigo ya meli zilizovunjika miambani, kisha Wacuba wakaleta kazi ya kusokota sigara. Lakini sisi tulikaa zaidi ufukweni Higgs. Mwaka 1860 manowari za Marekani zilikamata meli tatu za watumwa, zikashusha hapa Waafrika zaidi ya 1,400, wengi vijana na watoto. Wenyeji waliwaletea nguo na chakula. Hata hivyo karibu 300 walikufa kwa magonjwa, wakazikwa mchangani. Waliosalia walipelekwa Liberia. Makaburi yalisahauliwa hadi 2002, yalipogunduliwa tena. Tuliinamisha vichwa, tukawakumbuka mama zao waliongoja bila habari. Mungu hakumsahau hata mmoja.